Mwani Umefika Nyalenda

Ulifika kwa basi la usiku kutoka Kwale,
umekauka, unanuka chumvi.
Obiero akacheka: "Gugumaji la ziwani halijatutosha,
tule na la baharini?"

Daktari hakuahidi kitu.
Wanaupima maabarani, alisema, kwa panya;
wewe anza kwa kuacha chang'aa.

Nikauloweka. Ukafunguka taratibu
kama kiganja cha mtoto aliyelala.
Nikautia kwenye mchuzi wa omena,
nyanya mbili, ndimu kidogo.

Miaka kumi na mmoja maneno yake
yamenikata maini.
Leo yake ndiyo yanayopimwa,
macho yameiva manjano kama papai.

Alikula kimya. Akaomba tena.

Nikaosha bakuli.
Yangu hayana kipimo.