Kuni Kavu

Machi, Valdivia, mvua bado iko njiani.
Kila mtu hapa anajua: kuni za Julai
hununuliwa Februari, zikapangwa upenuni,
zikakauka taratibu.
Anayengoja baridi imng'ate
huuziwa mbichi, nazo mbichi
zina moshi mwingi na moto haba.

Ndivyo alivyonieleza Maritza wa chumba namba sita
kabla dripu ya kwanza haijatundikwa.
Nilifika na picha za titi langu katika bahasha,
naye akauliza: Bi Nelda, asubuhi unapenda nini?
Nilikasirika. Mimi naumwa titi, nikamwambia,
kichwa changu kizima, nimeshona sare za shule
miaka thelathini na minne, sijakosea kifungo.
Hakubishana. Aliandika "vifungo".

Akasema: huzuni ya dawa hizi haibishi hodi.
Huingia mwenyewe ukiwa umelala mchana,
ikavaa kandambili zako,
ikapokea simu kwa sauti yako: hayupo.

Tukaandika karatasi, mwandiko wangu mbaya.
Jumanne, kwenda soko la samaki kwa miguu,
hata kama ni kuwatazama tu simba-bahari
wakigombea utumbo.
Hortensia apigiwe, hata nikiwa sina neno.
Cherehani isifunikwe.
Na ule alioupigia mstari mara mbili:
pazia lisipofunguliwa asubuhi tatu, sema.
Si kwa Mungu tu. Kwa mtu mwenye simu.

Mzunguko wa kwanza, nywele.
Wa pili, mkate ukawa na ladha ya misumari.
Wa tatu,
sijui nieleze vipi wa tatu.
Mvua ilinyesha siku kumi na moja.
Pazia lile nililishona mwenyewe,
pindo lake nalijua uzi kwa uzi,
nikalitazama kutoka kitandani
kama mtu anayetazama mlima.
Kaka yangu Eliecer akaniambia: jikaze, wewe mpiganaji.
Mpiganaji! Soksi tu zilinishinda.

Asubuhi ya tatu nilifuata maziwa kwenye friji,
karatasi ikanitazama.
Si ushujaa. Ni maziwa.
Nikapiga simu, nikasema: pazia.
Neno hilo moja, na Maritza akalielewa lote.

Nilipewa kidonge kidogo, na kiti chake kila Alhamisi.
Eliecer alifundishwa kunyamaza;
sasa huja, humenya viazi, huondoka.

Sisemi haikuja. Ilikuja,
ila ilikuta jiko lina moto.

Jumanne hii simba-bahari mmoja mzee, ananuka,
alipanda hadi barabarani akalala,
basi likasimama, dereva akavua kofia.
Nilicheka hadi kovu likauma.

Nikirudi nikapitia kwa muuza kuni.
Za mwaka huu? akauliza.
Nikamwambia: za mwakani.
Akanipandishia bei, mwizi yule.