Elfu Saba

Saa nane usiku, Buguruni, umeme umekatika,
simu ikatetemeka juu ya ndoo.
Umepokea laki nne na elfu kumi na mbili
kutoka kwa SIKUDHANI LIGOMBE.
Hata mimi sikudhani.

Simjui. Hanijui.
Kidole chake kimeteleza kwenye tarakimu moja,
saba ikawa nne,
na fedha yake ikaja kulala kwangu
kama mgeni aliyekosea mlango.

Nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi mitatu.
Mwenye nyumba ana sugu ya sijda kwenye paji la uso
na daftari lisilosahau.
Lakini ni yeye huyohuyo aliyenunua jeneza
la yule Mkristo wa chumba cha nne,
hakuhubiri, hakudai.
Basi usinitake niseme lolote juu ya sugu.

Mimi swala niliiacha
kama watu wanavyoacha sukari:
kwanza ya alfajiri, kisha ya adhuhuri,
mwisho nikajikuta nanywa chai chungu
na sijambo.

Ng'ambo ya reli wa mkesha walikuwa na jenereta,
wanamkemea shetani kwa spika mbili.
Nikawasikiliza, simu kifuani.
Moto siuogopi tena. Pepo sijaiwekea akiba.
Wakala wa kona hufungua saa kumi na mbili;
mpaka huyo Sikudhani aamke, apige huduma kwa wateja,
abonyeze moja, abonyeze tisa, asubiri muziki,
mimi nimeshakuwa mtu mwingine, mwenye risiti.

Hakuna anayeniona.
Hilo "hakuna" nililigeuzageuza kama noti yenye shaka.

Nikamkumbuka Chausiku, mtoto wa jirani,
hajui Baba Yetu wala Alhamdu,
juzi kamega andazi akampa mwenzie anayelia.
Nikasema: ona, utu tunazaliwa nao, kama kitovu.
Kisha nikakumbuka kuwa andazi lilipoisha
alimng'ata mwenzie yuleyule, mkononi, hadi damu.
Na hilo nalo hakufundishwa.

Saa tisa njaa ikanishusha kwa muuza chipsi asiyelala.
Chipsi mayai, mishikaki mitatu, soda.
Nikalipa kwa simu: elfu saba.
Nilikula haki ya mtu kwa chumvi na pilipili
na sitadanganya, ilikuwa tamu.

Adhana ikalia. Swala ni bora kuliko usingizi,
nami usingizi wenyewe sikuwa nao.
Nikarudisha. Laki nne na elfu tano.
Usiihesabie adhana. Wala usinihesabie mimi.
Mkono ulikwenda kama unavyodaka glasi inayoanguka
kabla kichwa hakijauliza glasi ni ya nani.

Akapiga, sauti imevimba.
Fedha ya kikoba, akasema, wanawake kumi na sita,
Mbagala, na yeye ndiye mtunza hazina.
"Una hofu ya Mungu, mwanangu."
Nikaitika amina; ningesema nini?
"Na hizi zilizopungua?"
"Makato, mama."
"Makato haya yatatumaliza," akacheka,
akaniombea dua ndefu kuliko salio langu.

Sasa ni mwezi wa nne.
Kodi nimelipa, kwa kubeba zege Tabata.
Zile laki nne hazijawahi kuniamsha usiku.
Ziniamshazo ni elfu saba.
Kama anayedai ni Mungu,
mbona anabisha mlango nilioufunga, na anajua komeo lilipo?
Kama ni mimi,
tangu lini nikawa mdai mkali hivi,
mimi ninayejisamehe kila kitu?

Namba yake nimeihifadhi.
Naandika 7,000. Naanza namba ya siri.
Nikituma, atajua hayakuwa makato.
Tarakimu ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Ya nne, kidole kinaning'inia.