Kistari

Themanini. Hiyo ndiyo namba yake, haina ubishi.
Safu ya kwanza imejaa, nashuka ya pili:
jina, alama, rangi ya fedha,
hali katika joto la chumbani: kimiminiko.
Kisanduku kimesimama upande wa kulia wa ukurasa,
chembamba kama kadi ya kliniki,
na kila elementi ina chake,
dhahabu, risasi, hidrojeni na wenzake,
wote wamevaa sare, wote wanajibu maswali yaleyale
kama watoto siku ya kwanza ya shule: Unaitwa nani?
Una uzito gani? Unayeyuka lini?

Mimi ni Zdravka Lapajne, mstaafu wa maabara,
hapa Idrija, mji uliochimbuliwa chini kwa chini
miaka mia tano, wakiitafuta zebaki hii ninayoijazia fomu.
Mama alifuma lesi. Juu ya mto wake mnene
alibandika karatasi yenye matundu,
pini hapa, pini pale, uzi ufuate.
Karatasi ile ilikuwa kiolezo,
na hiki cha kwenye kompyuta nacho ni kiolezo,
kwa hiyo usiniambie hakina moyo.
Jirani alikuwa na karatasi hiyohiyo, matundu yaleyale,
na bado lesi ya mama niliijua gizani, kwa vidole.

Msongamano: kumi na tatu nukta tano.
Niandikapo hivyo naiona karakana ya tanuri,
baba, Cvetko, kanishika bega, nina miaka saba,
anadondosha nati ya chuma ndani ya bakuli.
Haikuzama.
Ilielea, nzito vile, ikiyumba kama bata bwawani,
na baba akacheka hadi fizi zikaonekana,
fizi zilizokwisha kuanza kuvimba.
Hayo yote ni kumi na tatu nukta tano.
Wengine wanaona tarakimu.

Jana usiku mtu kafuta kistari.
Ožbej, mwanafunzi wa Maribor, kijana mwenye haraka,
anayependa safu zake zilingane kama meno,
akaacha kiwango cha kuyeyuka: 38.83.
Nikamwandikia. Akajibu: Ni kamstari tu, mama.

Kamstari tu!
Nilipougua surua baba alinitia kipimajoto kwapani
kikapanda hadi thelathini na nane na nusu.
Kwa hesabu yako, Ožbej, zebaki ile ingekuwa jiwe,
kijiti kigumu ndani ya kioo,
homa inanila na chombo kimenyamaza.
Kwa hesabu yako, matone ya fedha
yasingechuruzika katika kuta za mgodi,
wala mvuke usingepanda upesi vile.
Wanaume wangeingia na nyundo zao
wakatoka na mapafu yao,
na baba angezeeka.

Sikumtumia hayo. Nilimwandikia: Ni hasi. Tazama chanzo.
Saa tano usiku akajibu: Samahani.
Zebaki sijawahi kuiona kwa macho.

Nikaketi na sentensi hiyo muda mrefu.
Chai ikapoa.

Kwenye droo ninalo daftari la zamu la baba,
joto la tanuri, saa kwa saa,
na pembeni, asubuhi za theluji, joto la nje.
Hasi kumi na moja. Hasi kumi na nne.
Vistari vya mwaka wa kwanza vimelala vizuri.
Vya mwisho ni vilima na mabonde,
nyayo za kuku juu ya tope,
na mahali pamoja kalamu imetoboa karatasi.
Kisanduku hakina safu ya mikono.
Sikiombi kiwe nayo.

Nasogeza mshale mbele ya tatu,
nabonyeza mara moja.
Kinatokea, kimenyooka.
Kisha naulizwa, kwa ufupi, nimebadilisha nini.
Naandika: kistari.