Vidole Kumi

Siku sita mikono yangu si yangu.
Naivika glovu za bluu saa kumi na mbili kasorobo,
nasimama kwenye mkanda unaotembea
na viduara vya mkate vinanijia, kimoja, kimoja, kimoja,
navitupia jibini gramu arobaini na mbili,
zeituni nne, hoho vipande sita,
na Lorraine nyuma yangu anahesabu
kama mwenye duka anayejua mwanawe ni mwizi.
Juzi nilizidisha zeituni moja.
Akaitoa kwa ncha ya kalamu.

Ornella, anayesimama kushotoni kwangu,
kwao Bari, hajaonja hata siku moja tunachopika.
"Hiki," alininong'oneza, "ni kifuniko cha ndoo."
Saa ya chai akaniandikia mkate wa kwao
nyuma ya karatasi yake ya mshahara:
unga, maji mengi kuliko unavyothubutu,
hamira kidogo, chumvi, mafuta ya zeituni,
kisha subira. Hapo alipiga mstari mara mbili.

Basi leo Jumapili. Mvua ya Bolton
inanyesha kimya kimya kama mtu anayedaiwa.
Unga niliulaza tangu jana usiku
kwenye beseni, juu ya mashine ya kufulia,
nikaufunika kwa kanga iliyofutika maandishi,
imebaki USINI tu,
usini-nini, sikumbuki tena.
Asubuhi umeumuka, umeibenua kanga.
Tatu akatega sikio.
"Mama, unapumua."

Nikaumimina kwenye sinia.
Huu si unga wa kusukuma, haukijui kibao wala kifimbo;
unateleza, unajikunyata, unarudi ulikotoka.
Mimi nimezoea chapati, kitu kinachotii.
Ornella kaandika: usiulazimishe. Paka mikono mafuta,
zamisha vidole mpaka uguse bati.

Nikazamisha vyote kumi.

Mwaka juzi, Manchester, ofisi ya vibali,
kijana mwenye tai aliniambia nibonyeze kioo.
Nikabonyeza. Tena. Futa mkono, tena.
Mashine ikakataa:
dawa za kusafishia vyoo vya hoteli, miaka saba,
zilikuwa zimekula mistari yangu yote.
"Hapa hamna kitu," alisema, wala si kwa ubaya,
nikarudi na basi mikono mfukoni
kama niliyeiba.

Unga haukuuliza. Ulipokea kumi,
vishimo kumi, na kumi tena, na kumi,
mafuta yakatuama humo yakang'aa.
Tatu akaongeza vyake, vidogo, pembeni,
kisha kiwiko, bila sababu.

Tukapanga: nyanya ndogo tulizozipasua,
kitunguu chekundu,
bilinganya niliyoitia chumvi ikatoa machozi yake,
hoho ya manjano, Tatu aliipendea rangi.
Jibini sikupima. Nilishika konzi nikatupa,
nikashika konzi nikatupa,
na zeituni, Lorraine, sikuzihesabu,
ila najua zilizidi nne.

Dakika kumi na nane ndani ya oveni, luku ikakata.
Luku ya mwenye nyumba, ile inayokula sarafu,
na mimi nina noti tu, na duka la pembeni
halifunguliwi mpaka saa tano.
Feni ya oveni ikapunguza mvumo, ikanyamaza.
Tukakaa sakafuni mbele ya kioo cheusi.
"Umekufa?"
"Usifungue mlango. Joto bado halijapata habari."

Tulingoja kwa pua.
Ulipotoka ulikuwa mweupe mweupe juu, chini umekauka,
kona moja imeungua, jibini limezama kwenye vishimo
na kuganda humo, kila kimoja na chake.
Tatu alikitafuta cha kiwiko, akakila kwanza.

Kipande cha Ornella nimekifunga kwenye foili,
nimekiweka karibu na viatu nisikisahau.
Na kingine, sijui kwa nini,
chenye zeituni saba.