Taa ya Ngazini, Duluth

Nikiizima chini, juu hainisikii.
Swichi janja, dola arobaini,
inakonyeza kijani tu.
Februari. Nimekata umeme, nimevaa kofia ndani,
tochi nimeing'ata,
nachungulia tundu alilotoboa Halvard
mwaka tuliohamia.

Mwekundu na mweusi ni wasafiri: hupanda, hushuka.
Mweupe, kijitabu chasema, ni wa kurudi, haudhuru.
Narudisha umeme nipime.
Kipimo kinalia kwenye mweupe.

Nakata tena. Namulika.
Shingoni mwake, rangi ya kucha,
yangu, ya harusi ya Signe,
niliyoisaka wiki nzima nikamsingizia mtoto.
Marehemu aliutia alama:
huu una moto.

Nahamisha nyaya mbili, nakaza skrubu.
Juu. Chini. Juu: inaitika.

Rangi sikuikwangua.