Inchi Tisa

Alfajiri, kabla ya chai, kabla ya kufungua kibanda,
nazungusha futi kwenye kifundo cha mguu wangu.
Inchi tisa.
Naandika kwenye daftari lile lile la wateja,
chini ya mabega ya Mama Tekla
na kiuno cha bwana harusi wa Tandika
aliyelipa nusu, hajaonekana tangu Shaabani.

Miaka thelathini na moja napima watu,
mikono, mapaja, shingo nene za wanakwaya.
Mimi mwenyewe nilijikadiria kwa macho.
Mganga hajigangi, tulisema pale Keko,
tukacheka, tukaongeza sukari.

Mara ya kwanza nilifikishwa hospitali
kwa kirikuu cha kubebea magodoro,
pumzi imejisokota kooni kama uzi kwenye bobini,
miguu imejaa, ukibonyeza kidole shimo linabaki.
Wakanichoma sindano ya kutoa maji.
Nikakojoa usiku kucha, nikapungua kilo sita,
nikaruhusiwa, nikadhani nimepona.
Karatasi ya maelekezo nilifungia vifungo.

Wiki ya tatu nikarudi.

Kitanda cha pili toka dirishani alilala Pazi Kirumbi,
aliyeendesha kreni bandarini hadi akastaafu.
Kidole gumba cheusi.
"Ni kiatu tu, fundi. Kiatu kipya cha Idi."
Hakuwa amesikia maumivu. Sukari ilishamla ganzi
kama mchwa alavyo mlango:
unausukuma siku moja, kumbe ilibaki rangi.
Mguu uliondoka Jumanne.
Mwenyewe akaufuata Ijumaa.
Mjane wake aliniachia kiatu cha kushoto, kizima, kinang'aa.
Sijui nikifanyie nini. Kiko chini ya cherehani.

Sista Eufrasia hakunihubiria.
Alivuta futi shingoni mwangu (nililazwa nayo, sikujua)
akauliza, "Hii ni ya watu wengine tu?"
Akapiga magoti, akanipima kifundo.
"Ikizidi nusu inchi, usingoje pumzi ikate.
Na nyayo zitazame kila usiku, kwa kioo, kama bibi harusi."

Basi nazitazama.
Insulini naitunza kwenye chungu ndani ya mchanga mbichi,
maana umeme wetu una hiari yake.
Binti Shomvi anapika chukuchuku bila chumvi,
anakamua ndimu, anakula sahani moja nami
na yeye haumwi kitu.
Siku moja nikamfuma jikoni, mgongo kanipa,
analamba chumvi kiganjani kama mtoto mwizi.
Nikarudi nyuma polepole. Sijamwambia.

Sitadanganya: kuna mwezi nilikata vidonge nusu nusu,
kama fundi mwenye kitambaa pungufu.
Gauni unaweza kulibana.
Moyo ulikataa. Nikalala nimeketi siku nne,
mito mitatu mgongoni, nikihesabu majogoo.

Kijana wa mizani pale Mtongani,
shilingi mia mbili, ananipa pongezi
nikishuka kilo kana kwamba nimefunga goli.
Daktari wa kliniki naye alifungua daftari langu, akakunja uso:
"Arobaini na nne! Huyu nani?"
Nikamwambia, huyo bwana harusi, dokta.
Mimi ni ule mstari mdogo wa chini.
Alicheka mpaka miwani ikamdondoka,
kisha akasoma mistari yangu yote, siku kwa siku,
kidole kikishuka taratibu
kama mtu anayetafuta mshono ulipoachia.

Leo ni tisa na nusu.
Nimepima tena. Tisa na nusu.

Pindo la Mama Tekla nimeliacha na sindano ndani yake.
Atanung'unika, harusi ni Jumamosi.
Kibanda sikufungua.
Binti Shomvi anatafuta kadi yangu, anauliza mbona sihemi juu juu,
mbona naongea vizuri.

Ndiyo. Pumzi ninayo bado.
Ndiyo maana naenda leo.