Mikanda Kumi na Minne

Waliniletea mikanda kumi na minne
katika ndoo ya rangi iliyosuguliwa,
nesi Ndeshimuni na kijana mmoja wa lile shirika
wanaopanga meza yao Jumamosi, soko la Kiboriloni,
kati ya viatu vya mtumba na wauza magadi.
"Fundi, haishiki tena."
Mikono elfu mbili imepita humo tangu Januari:
ya wabeba ndizi, ya wapasua mbao,
ya mwalimu mstaafu aliyevaa koti
kwa heshima ya kupimwa presha.
Kile kitambaa cha kujibandika,
kinacholia chrrr kama mtu anachana hati,
kimechoka, kimejaa nyuzi na nywele.

Nikamwambia iache hapo. Kazi hii naijua.

Naijua kwa mashati ya Anaeli.
Mwaka ule mkono wake wa kulia ulipolala
usiamke na mwenzake,
watu walikuja na maneno:
kapigwa upepo,
ugomvi wa kihamba huo, tazameni vizuri.
Mimi nilikuwa natazama vifungo.
Mwanamume aliyejenga nyumba mwenyewe, tofali kwa tofali,
robo saa anashindana na kifungo cha kola
na hataki kusaidiwa.
Basi usiku nikavikata vyote,
ndani nikashona kitambaa cha chrrr,
juu nikavirudisha viwe urembo,
asijue mtu kanisani.
Miaka miwili alivaa hivyo.
Tulimzika na lile la bluu.

Yeye hakuna aliyewahi kumfunga mkanda huu.
Nasema tu. Meza haikuwapo,
na hospitali kwetu ilikuwa ya kuvunjika na kuzaa.

Nilishona siku tatu,
uzi wa nailoni, sindano namba kumi na sita,
pembeni nikirudia mara mbili.
Nesi alipozifuata kazi zake
nikavua sweta, nikajifunga ule wa kumi na nne:
"Ona unavyoshika!"
Ukashika.
Naye, kwa mazoea tu, akabonyeza.
Mkanda ukajaa, ukanikaba
kama mtoto anayeogopa kuvuka barabara,
kisha ukaniachia kidogo kidogo.

Mia moja sabini na mbili kwa mia na sita.

Nikasema huo nimeushona vibaya.
Akafunga mwingine. Nikasema na huo pia.
Akanikalisha, nikatulia dakika tano kama mtoto wa shule,
akatoa mkanda wa mkobani mwake, nisiougusa.
Namba ikapungua mbili,
kama mtu anayesogea kwenye benchi kwa adabu.
"Fundi," akasema Ndeshimuni, na hakucheka,
"umeshona vizuri mno."

Kichwa hakikuwa kinaniuma.
Hilo ndilo linanikera mpaka leo.
Nilikuwa nimetoka kula mtori,
nimeutia chumvi kabla ya kuuonja,
nikapanda ngazi za baraza nikipiga mluzi.

Siku hizi kidonge kwanza, cherehani baadaye.
Chumvi iko kabati la juu, na stuli nimempa jirani.
Na nimepata tabia ambayo wateja hawaipendi:
nikizungusha tepu kiunoni
nikakuta inchi tatu zimeongezeka toka Pasaka,
siandiki. Nauliza, presha ulipima lini?
Elinipa, aliyekuja na kitambaa cha kipaimara cha binti yake,
alinuna mpaka shingo ikabadilika rangi.
Nimekuja kushonewa, akasema, sikuja kuhojiwa.

Jumamosi iliyofuata nikamwona foleni,
kajibanza nyuma ya mama mwenye kreti la nyanya,
kavaa gauni nililomshonea mwaka juzi.
Zamu yake ikafika. Akakunja mkono wa gauni.
Ukagoma kwenye kiwiko.
Akavuta, ukagoma,
akanitazama kule nilikosimama
kana kwamba nilifanya makusudi.

Jumatatu nikaufumua mshono, nikaongeza inchi moja,
sikumtoza kitu.
Toka hapo mikono yote naikata mipana kidogo.
Mteja akiuliza, namwambia ndiyo mtindo.